Mtoto Mwenye Usonji Kisiwani Mfangano na Deni la Wanakiswahili

Kila ifikapo tarehe 7 Julai, wanagenzi wa Kiswahili katika vyuo vyetu hujipamba, hughani mashairi, na kuikumbusha dunia kwamba UNESCO iliitenga siku hiyo mnamo Novemba 2021 kwa ajili ya lugha yetu. Ni jambo jema, wala sina ugomvi nalo. Ila ipo siku nyingine ambayo hutupita kimya kimya, nayo ni tarehe 2 Aprili, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 kuwa siku ya kuuhamasisha umma kuhusu usonji. Siku hiyo tumeziachia idara za tiba, saikolojia na elimu maalumu. Dai langu katika makala hii ni kwamba hatukupaswa kuziachia peke yake. Msaada mkubwa anaoweza kuupata mtoto mwenye usonji, hasa yule anayeishi mbali na miji mikubwa, umeundwa kwa lugha, unapitia katika lugha, na mara nyingi hukwama kwa sababu ya lugha. Maadamu ni hivyo, sehemu ya deni la mtoto huyo iko mabegani mwetu.

Nitalieleza dai hili kwa kukitazama kisiwa cha Mfangano, kilichomo katika Ziwa Viktoria, kaunti ya Homa Bay. Sikukichagua kwa sababu watoto wenye usonji ni wengi huko kuliko kwingine. Nimekichagua kwa sababu kila kitu ambacho vitabu vya wataalamu hukichukulia kuwa kipo, huko huwa ng'ambo ya maji.

Tuanze na dhana yenyewe. Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, na hauletwi na malezi mabaya. Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayojitokeza mapema utotoni, ambayo huathiri jinsi mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, ikaambatana na kushikilia mazoea yale yale na, kwa wengi, kuumizwa au kuvutwa mno na sauti, mwanga, ladha au mguso. Wapo wenye usonji wanaozungumza kwa ufasaha unaotushinda sisi, na wapo wasiotamka hata neno moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na hali hii. Daktari Leo Kanner alipowaeleza watoto 11 katika makala yake ya mwaka 1943 huko Marekani, ilikuwa rahisi kwa waliokuja baadaye kudhani kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Lakini mwaka 1978 Victor Lotter alichapisha makala kuhusu usonji barani Afrika baada ya kuzuru nchi sita, Kenya ikiwamo, na watoto hao aliwakuta. Kwa hivyo anayesema leo kwamba haya ni maradhi ya kuiga amechelewa kwa takribani nusu karne.

Wanaleksikografia watataka kwanza tujadili jina. Neno usonji ndilo lililoshika katika vyombo vya habari vya Kenya na Tanzania. Wapo waandishi wanaopendelea tawahudi, lenye mzizi wa Kiarabu unaobeba dhana ya kuwa peke yako. Wazungu nao walilijenga jina lao juu ya neno la Kigiriki lenye maana ya nafsi. Inafaa kutambua kwamba majina haya mawili yalibuniwa na mtazamaji aliyesimama nje, akamwona mtoto amejitenga. Halijaulizwa swali la pili: je, mtoto ndiye aliyejitenga, au ni sisi tulioshindwa kumfikia? Mimi natumia usonji kwa kuwa ndilo linaloeleweka, wala sitaki kurasa hizi ziishie katika mvutano wa istilahi. Tunaujua udhaifu wetu: tunaweza kulijadili jina kongamano zima, na mwenye jina asipate kitu.

Hata hivyo, suala la jina lina uzito katika upande mwingine. Tumefundishwa kwamba kipofu, kiziwi, kilema na kiwete ni nomino zenye umbo la ngeli ya KI-VI, ingawa upatanisho wake ni wa viumbe hai, kwani twasema kipofu amekuja wala hatusemi kipofu kimekuja. Kwa miaka mingi wanaisimu wamebishana kama umbo hilo linamdunisha mtu au ni ajali ya historia ya lugha. Mtoto mwenye usonji hakupata hata nafasi katika orodha hiyo ya ubishi. Mitaani huitwa zezeta, taahira, punguani, au bubu, ilhali koo na masikio yake ni mazima. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kurejelewa kwa namna isiyomshushia hadhi. Mimi nakisoma kifungu hicho kama kifungu cha isimujamii kabla hakijawa cha sheria.

Kuna kifungu kingine tunachokijua zaidi. Kifungu cha 7 ndicho tunachokinukuu kila tupandapo jukwaani, kwa sababu kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Tukisonga mbele kidogo katika kifungu hicho hicho, tutaona kwamba dola imetakiwa kukuza lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli, pamoja na njia nyingine za mawasiliano zinazoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu. Sehemu hiyo hatuinukuu. Tumechukua nusu iliyotufaa sisi, tukaiacha nusu iliyomfaa mtoto asiyeweza kusema.

Sasa tuvuke ziwa. Kisiwa cha Rusinga kimeunganishwa na mji wa Mbita kwa daraja. Mfangano haijaunganishwa na kitu. Atokaye Sena, kwenye ofisi za utawala za kisiwa hicho, hupanda mashua ya injini hadi Mbita, kisha hushika barabara kuelekea Homa Bay, au huvuka tena kwa feri hadi Luanda Kotieno ikiwa safari yake ni ya Kisumu. Safari kama hiyo kwa mtu mzima ni ya kuchosha. Kwa mtoto anayeumizwa na mngurumo wa injini, msongamano wa abiria na mnuko wa petroli, ni adhabu, na mama yake hulazimika kuyapokea macho ya mashua nzima. Mtaalamu akimwambia mama huyo amlete mtoto mara mbili kwa wiki, amemwambia asije tena.

Jambo la pili ni maji yenyewe, na hapa naomba msomaji anivumilie nikae kidogo. Watoto wengi wenye usonji wana tabia ya kutoka nyumbani na kutangatanga bila kuaga, na wengi huvutiwa na maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Joseph Guan na Guohua Li, walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa vifo vya Marekani ulioonyesha kwamba watoto wenye usonji walio chini ya umri wa miaka 15 walikuwa katika hatari ya kufa maji mara 160 zaidi ya watoto wengine. Takwimu hiyo imetoka katika nchi yenye mabwawa ya kuogelea yaliyozungushiwa ua. Tuipeleke kwenye kisiwa ambacho ua wake ni ziwa, na ambacho usiku wa giza wavuvi wa omena huwasha taa zinazometameta majini, nasi tutaelewa kwa nini mzazi anaweza kumfungia mtoto ndani au kumfunga kamba kiunoni.

Tunaposoma habari za watoto waliofichwa, huwa tunaharakisha kutaja ukatili na ujinga. Ukatili upo, sikatai. Lakini pwani ya ziwa, kamba inaweza kuwa ndiyo afua ya kwanza ambayo mama ameibuni baada ya kuachwa peke yake, na haifai kumnyang'anya bila kumpa kitu badala yake. Badala hiyo si ya ajabu. Mtoto anaweza kufundishwa kuogelea. Wavuvi, wachuuzi na watoto wa majirani wanaweza kumjua kwa jina na kujua jinsi ya kumrudisha bila kumkemea. Picha inaweza kubandikwa mlangoni kumwonyesha pahali pa kusimama. Kila mojawapo ya mambo haya yanahitaji mazungumzo, na mazungumzo yanahitaji lugha ambayo mwenye mashua na nyanya wanaishiriki.

Kuna mzigo mwingine unaoandamana na mtoto huyu, nao ni lawama. Katika utamaduni wa Wajaluo, ambao umeenea sana miongoni mwa Abasuba wa Mfangano, dhana ya chira huyaeleza madhara yanayomfika mtu au mtoto wake baada ya mwiko kuvunjwa. Jicho hugeukia upesi kwa mama: amekiuka nini? Kule pwani ya Kenya, Joseph Gona na wenzake walichapisha mwaka 2015 matokeo ya mahojiano na wazazi na wataalamu kuhusu visababishi vya usonji, na miongoni mwa majibu yalikuwamo mapepo, uchawi na laana, yakiwa bega kwa bega na maelezo ya kitabibu. Nayo methali yetu inayosema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tunayoifundisha shuleni kwa furaha, humwangukia mzazi huyu kama hukumu.

Lakini tusijidanganye kwamba ni mila za Kiafrika tu ndizo zilizomsulubu mama. Bruno Bettelheim, msomi wa Chicago, alichapisha kitabu mwaka 1967 kilichoeneza imani kwamba usonji unatokana na mama wenye mioyo baridi, na kwa miaka mingi hospitali za nchi zilizoendelea ziliwatenganisha watoto na wazazi wao kwa imani hiyo. Ilikuwa chira iliyovaa koti jeupe. Mmoja wa waliosomea Chicago wakati huo, Eric Schopler, aliipinga. Alipohamia North Carolina alianzisha mpango uitwao TEACCH, ambao mwaka 1972 ulikuwa mpango wa jimbo zima, na msingi wake mmoja ulikuwa kwamba mzazi ni mshirika wa mtaalamu katika kumsaidia mtoto. Nadhani hapo ndipo mambo yalipogeuka, nayo ndiyo sababu kisiwa kama Mfangano kinaweza kuwa na matumaini.

Kwani ikiwa mzazi ndiye anayefundishwa, basi si lazima mtaalamu aishi kisiwani. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2022 mafunzo ya stadi za walezi wa watoto wenye ucheleweshaji au ulemavu wa ukuaji, usonji ukiwamo, walio na umri wa miaka 2 hadi 9. Ni vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Mwezeshaji wake si lazima awe daktari. Anaweza kuwa mwalimu, muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii aliyeandaliwa na kusimamiwa. Mafunzo hayo yamejaribiwa katika nchi nyingi, zikiwamo Ethiopia na Kenya. Yanamwonyesha mlezi jinsi ya kumshirikisha mtoto katika mchezo na kazi za kila siku, jinsi ya kuitambua ishara ndogo ya mawasiliano na kuijibu, jinsi ya kuzuia fujo kabla hazijaanza, na jinsi ya kuitunza afya yake mwenyewe, jambo ambalo kwa mama wengi halijawahi kuulizwa na mtu.

Tujaribu kuyaona mafunzo haya ufukweni. Mama anaanika omena juu ya wavu uliotandazwa. Mtoto wake wa miaka minne hamtazami, hamwiti, na akitaka maji humvuta mkono kama anayevuta kitasa. Mama aliyefunzwa hatamwamuru aseme. Atashuka hadi usawa wa macho yake, atafanya anachokifanya mtoto, atamwaga konzi ya omena na kusubiri mtoto naye amwage, zamu kwa zamu, akitaja neno moja tu kila mara. Mtoto akiinyosha mikono kuelekea mtungini, mama atangoja kidogo, aseme maji, kisha ampe. Ikiwa neno halitoki, picha ya mtungi iliyochorwa kwa mkaa juu ya kipande cha boksi inaweza kuwa neno. Njia ya kubadilishana picha iliyobuniwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Marekani mwaka 1985 ilianza na wazo hilo hilo: mtoto anatoa picha, anapata kitu, anagundua kwamba mawasiliano yana manufaa. Haihitaji umeme. Na hiyo ndiyo njia nyingine ya mawasiliano inayotajwa na Katiba yetu, ile nusu tusiyoinukuu.

Hapa sasa ndipo swali letu linapojitokeza: neno hilo moja analolitaja mama ni la lugha gani?

Mfangano ni kisiwa cha lugha nyingi. Kisuba, lugha ya Kibantu ya Abasuba, kimeorodheshwa na UNESCO miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Kwa vizazi kadhaa watoto wengi wamekulia katika Dholuo. Kiswahili husikika sokoni, mashuleni na kwa wageni wanaokuja kununua samaki. Kiingereza ni cha vitabu na mitihani. Mama mmoja wa kisiwani, mchuuzi wa omena, alinieleza kwamba katika hospitali moja ya bara alishauriwa azungumze na mwanawe Kiingereza pekee, kwa kuwa lugha nyingi zitamchanganya. Alirudi nyumbani akanyamaza, kwani Kiingereza chake hakikutosha hata kumbembelezea mtoto. Nyanya naye, ambaye alikuwa akimwimbia mtoto kwa Kisuba, akaambiwa aache. Nimeufikiria ushauri huo kwa muda mrefu na sioni jina linaloufaa isipokuwa madhara. Mtoto aliyekuwa na uhaba wa mawasiliano alipunguziwa watu wawili wa kuwasiliana naye.

Tena ushauri wenyewe hauna msingi. Catherine Hambly na Eric Fombonne walichapisha nchini Kanada mwaka 2012 utafiti uliowalinganisha watoto wenye usonji wanaokulia katika lugha moja na wanaokulia katika lugha mbili, na hawakuona kwamba lugha ya pili inawacheleweshea wa kundi la pili ukuaji wa lugha. Tafiti nyingine zilizofuata zimeelekea upande huo huo. Lugha bora kwa mtoto mwenye usonji ni ile ambayo mlezi wake anaweza kuitumia kwa wepesi, kwa utani, kwa wimbo na kwa hasira. Sisi tunaoishi kwa kutetea lugha za Kiafrika tulipaswa kuwa wa kwanza kulisema hili mbele ya madaktari. Tumekuwa tukitetea lugha hizi kwa hoja za uzalendo na utambulisho, na hoja ya mtoto asiyesema, ambayo ina nguvu kuliko zote, tumeiacha ipite.

Najua yatakayosemwa. Mwenzangu mmoja ataniuliza Kiswahili kinaingiaje, ikiwa mama wa Mfangano anambembeleza mtoto kwa Dholuo na nyanya kwa Kisuba. Swali ni la haki, na jibu langu ni kwamba Kiswahili hakina kazi ya kuingia kati ya mama na mtoto. Kazi yake iko hatua moja nyuma, kwa mwezeshaji. Mwongozo ulioandikwa kwa Kiingereza cha Geneva ukitafsiriwa moja kwa moja katika kila lugha ya Kenya, utahitaji majeshi ya watafsiri. Ukiwekwa katika Kiswahili chepesi na sahihi, mwalimu wa Sena ataugeuza kuwa Dholuo papo hapo, kwani dhana zitakuwa zimekwisha kuvuka kutoka mazingira ya kigeni hadi mazingira yetu. Kiswahili kiwe feri, kisijifanye bandari. Na kwa kuwa wazazi wengine hawasomi, maneno hayo yanaweza kusafiri kwa sauti. Redio ya jamii ya Ekialo Kiona, iliyoanzishwa kisiwani humo ili kutangaza kwa Kisuba, ilikwisha kuonyesha kwamba lugha ndogo inaweza kubeba habari za afya.

Mfano wa kazi ninayoizungumzia tunao hapa hapa Kenya. Katika Kilifi, kundi lililomjumuisha Katherine Alcock wa Chuo Kikuu cha Lancaster na Amina Abubakar lilichapisha mwaka 2015 matokeo ya kuirekebisha hojaji mashuhuri ya kupima ukuaji wa mawasiliano ya watoto wachanga, ikawa na matoleo ya Kiswahili na ya Kigiriama, na ikatumika kwa mahojiano na wazazi wasiojua kusoma. Haikuwa tafsiri ya neno kwa neno. Hojaji ya Kiingereza huuliza iwapo mtoto anasema maneno ya vitu ambavyo mtoto wa Kilifi hajawahi kuviona, na haina habari na viambishi, ngeli wala kitenzi chetu kinachobeba sentensi nzima. Mtoto akisema "nataka", Mwingereza anahesabu neno moja. Mwanaisimu wa Kibantu anajua kwamba humo mna nafsi, wakati na kitendo. Kosa katika hesabu hiyo linaweza kumfanya mtoto mzima aonekane amechelewa, au aliyechelewa aonekane mzima. Ningependa kujua ni idara ngapi za Kiswahili zimekwisha kumpa mwanafunzi wa uzamili kazi ya namna hiyo kwa ajili ya Dholuo na Kisuba, kwa kushirikiana na wenye lugha hizo. Mada za tasnifu tunazopewa zinajirudia mno, na hilo sote twalijua.

Mambo ya kutafiti yamejaa tele. Kanner alikwisha kugundua mwaka 1943 kwamba baadhi ya watoto wake walizigeuza nafsi, wakasema "wewe" walipokusudia "mimi", na kwamba walirudia maneno waliyoyasikia kama mwangwi. Katika Kiswahili nafsi haikai peke yake; imeganda kwenye kitenzi. Mtoto anayesema "unataka maji" akimaanisha kwamba yeye ndiye mwenye kiu, amekosea kiambishi, au ameibeba sentensi nzima ya mama yake kama kifurushi kisichofunguliwa? Wanasarufi wana la kusema hapo. Nao wahakiki wa ushairi, ambao huisifu takriri kwa mshairi, wanaweza kumsaidia mwalimu atambue kwamba takriri ya mtoto huyu nayo aghalabu ina maana: ni ombi, ni kujituliza, ni kuendeleza mazungumzo kwa maneno ya kuazima. Zamani wataalamu walishauri izimwe. Siku hizi wengi wanashauri isikilizwe.

Nikirejea katika uwanja wangu wa fasihi, naona kwamba tumechangia tatizo kwa njia yetu. Katika Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, riwaya ya 1974, mtoto anayezaliwa na kichwa kikubwa hana wasaa wa kuwa mtoto. Ni ishara ya kizazi kilichopotoka, na tukishaipata ishara tunafunga kitabu. Katika Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, kilichochapishwa mwaka 2012 na kutahiniwa katika shule za upili za Kenya, Mwalimu Majisifu anawaonea aibu watoto wake wenye ulemavu na mkewe Dora anaelemewa nao. Walibora amemweka Imani, mfanyakazi wa nyumba hiyo, awaonyeshe upendo, na hapo nampongeza. Hata hivyo maswali ya mitihani tuliyoyazoea yalituuliza kuhusu Majisifu na kuhusu Dora. Sikumbuki swali hata moja lililotutaka tuifikirie siku moja ya watoto wale kama wanavyoiona wao. Tumelelewa kuusoma ulemavu kama sitiari, kisha tukashangaa kwamba jirani anamsoma mtoto wa Mfangano kama ishara ya chira.

Nisieleweke kwamba nawataka wanafasihi wawe matabibu. Wala simaanishi kwamba lengo la afua ni kumfanya mtoto afanane na wengine. Watu wazima wenye usonji, tangu Jim Sinclair alipowaandikia wazazi mwaka 1993 akiwataka wasimwombolezee mtoto aliye hai, wamekuwa wakitukumbusha kwamba wao si makosa ya kusahihishwa. Hakuna dawa inayoondoa usonji, na anayewauzia wazazi dawa hiyo, awe na kibuyu au awe na stethoskopu, ni tapeli. Serikali nayo haiwezi kuondolewa wajibu kwa kisingizio cha wazazi kufunzwa. Vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya ikafuata mwaka 1986, sera ya wanafunzi wenye ulemavu ikatolewa 2018, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003. Majengo na karatasi tunavyo. Mashua ya kumfikisha mwalimu wa elimu maalumu kisiwani, na mshahara wa kumbakiza huko, ni mambo ya bajeti ambayo wawakilishi wa Homa Bay wanapaswa kuulizwa kwa jina la kila wadi.

Kwa upande wetu, napendekeza kwa chama hiki jambo moja lililo ndani ya uwezo wetu. Shughuli za 7 Julai ijayo zipunguzwe siku moja ya hotuba, na siku hiyo itumiwe kuupitia mwongozo wa walezi kikao kwa kikao, wanafunzi wa tafsiri wakiwa na wale wa isimu, pamoja na wenzetu wanaozungumza Dholuo na Kisuba ambao tunao madarasani na hatujawahi kuwauliza. Rasimu isomwe kwa sauti mbele ya mzazi wa mtoto mwenye usonji kabla haijasomwa na profesa. Neno lolote litakalomfanya mzazi huyo akunje uso, liondolewe, hata kama limo katika kamusi ya istilahi tuliyoisaidia kuiandika. Vikao ni 9. Wanachama wa uzamili mwaka huu tunazidi idadi hiyo, na mimi nimekwisha kuchukua kile kinachohusu mawasiliano.